Tinti Haitoshi: Kiswahili cha Vioo vya Mwanza

Saa sita kamili mchana, jua la Mwanza bado halijafika utosini. Saa za Tanzania zimepangwa kwa kufuata nyuzi 45 za longitudo mashariki, mstari ambao hauigusi ardhi ya nchi hii popote, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Tofauti hiyo ya nyuzi 12 ni sawa na dakika 48 za mwendo wa jua. Kwa wastani, basi, jua husimama juu ya vichwa vya watu wa Nyamagana na Ilemela yapata saa saba kasoro dakika kumi, na alasiri yote husogea mbele kwa kiasi hichohicho. Saa kumi jioni jua bado liko juu. Saa kumi na moja limeanza kuingia madirishani. Saa kumi na mbili, wakati maduka, hoteli na kumbi za mikutano zingali na watu, bado linapiga vioo likiwa nyuzi kumi na kitu tu juu ya upeo wa macho.

Chini yake kuna maji. Ghuba ya Mwanza imelala magharibi mwa jiji, na maji hayapokei jua namna moja siku nzima. Jua likiwa utosini, maji matulivu huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga wake. Likishuka hadi nyuzi 10, huakisi kama theluthi moja. Kwa hiyo ofisi ya ghorofani inayotazama ziwa, upande wa Kapripoint au Kamanga, hupigwa na majua mawili: moja la mbinguni, jingine la majini. Lile la mbinguni, likiwa bado juu, huzuiwa na upenu mpana. La majini hutoka chini, na hajazaliwa fundi wa kujenga upenu wa kuzuia kitu kinachotoka chini.

Watu hutafuta njia. Wapo wanaobandika magazeti, wapo wanaotundika khanga, wapo wanaosimamisha boksi kando ya kompyuta. Wenye bajeti huweka pazia. Na wengi siku hizi humwita fundi, naye huja na plastiki nyembamba iliyoviringwa, chupa ya maji ya sabuni, kipangusio cha raba na wembe, akaibandika kwa ndani ya kioo hadi kipovu cha mwisho kitoke. Makala haya yanahusu plastiki hiyo, na hasa jina lake, kwa sababu jina tulilolizoea linatufanya tulipie kitu ambacho mara nyingi hatukukihitaji.

KIWI

Tuanze na ugonjwa kabla ya dawa. Matangazo ya wauzaji huahidi kupunguza "mng'ao", "mwangaza mkali", mara nyingine "mwako". Yote matatu yanakwenda kando. Mwako ni wa moto. Mng'ao ni sifa njema: dhahabu hung'aa, uso wa bibi harusi hung'aa, na hakuna aliyewahi kulipa fedha ili upunguzwe. Mwangaza mkali unaweza kuwa jambo zuri kabisa. Daktari wa upasuaji pale Hospitali ya Bugando hawezi kufanya kazi bila huo.

Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, nalo ni kiwi. Jua likikupiga usoni ukashindwa kuona kilicho mbele yako, limekutia kiwi. Ukitoka gizani ghafla ukakutana na taa ya gari, umeingiwa kiwi. Uzuri wa neno hili ni kwamba linakaa mahali pake hasa: mwanga ni wa jua, kiwi ni cha macho. Mwanga uleule unaomtia kiwi karani anayetazama skrini haumsumbui mlinzi aliyeupa mgongo. Wataalamu wa taa wamehitaji vitabu kueleza jambo hilo, kwamba kero haitokani na wingi wa mwanga peke yake, inatokana pia na mahali unapotokea, na tofauti yake na vitu vinavyouzunguka. Aliyesema "jua limenitia kiwi" alikwisha kulisema.

Wataalamu haohao hugawa kero hiyo mafungu mawili: ile inayokuzuia kuona, na ile inayokuacha uone lakini ukaondoka kazini na kichwa kinauma. Tunaweza kusema kiwi cha kuziba na kiwi cha kuchosha, na hatujakopa neno hata moja. Benki inayotazama ziwa ina cha kuziba saa kumi na moja jioni. Duka la nguo linalotazama ukuta mweupe ng'ambo ya barabara lina cha kuchosha kutwa nzima.

Kuna pingamizi moja. Kijana wa leo akisikia kiwi hufikiria dawa ya viatu, ile iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 1906 na kuenea hadi jina la kampuni likawa jina la bidhaa. Sarufi imekwisha kulimaliza shauri hilo. Ya viatu iko katika ngeli ya I/ZI: kiwi ya viatu imekwisha. Cha macho kiko katika ngeli ya KI/VI: kiwi cha macho kimenizidi. Mswahili hawezi kuyachanganya hata akitaka.

JOTO NA JUA

Neno la pili linalotumika ovyo ni joto. Kiswahili kimelipa joto majina mengi kwa sababu kimekaa nalo sana. Kuna fukuto, joto la hewa nzito isiyotikisika, ambalo mtu wa Dar es Salaam analijua mwezi Februari. Kuna hari, inayokutoa jasho. Kuna vuguvugu. Na kuna jua lenyewe, ambalo katika mazungumzo huwa jina la joto: "leo kuna jua."

Mwanza ni mji wa jua kuliko mji wa fukuto. Ziwa liko zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida joto la hewa hucheza chini kidogo ya nyuzi 30 za selsiasi. Kaa chini ya mwembe saa nane mchana, utapata kiupepo cha ziwani na utamaliza gazeti bila kujipepea. Ingia ofisi yenye kioo kitupu kinachotazama magharibi, utavua koti. Hewa ya nje ni ileile. Kilichoongezeka ni miale iliyopita kwenye kioo.

Kioo cha kawaida cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya nishati ya jua inayokipiga. Miale hiyo ikifika ndani hupasha meza, sakafu na bega la mfanyakazi. Vitu hivyo navyo hutoa joto, lakini kwa mawimbi marefu ambayo kioo hakiyapitishi, na joto lililoingia kwa urahisi hukosa pa kutokea. Ndiyo maana katika mji kama huu kuzuia miale dirishani kuna faida kubwa. Mwenye jengo la Dar es Salaam akiziba jua lote bado ana fukuto la kupambana nalo. Wa Mwanza akiziba jua, mara nyingi amebakiwa na kazi ya kufungua dirisha na kuwasha pangaboi.

Miale yenyewe ina majina. Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia haionekani kwa macho, nayo ni mionzi ya infraredi. Sehemu nyingine kubwa ndiyo mwanga tunaoonea. Asilimia chache zilizobaki ni urujuanimno, na hapa mpenda maneno lazima asimame kidogo. Urujuani ni rangi ya mwisho ya upinde wa mvua. Mno ni kupita kiasi. Aliyeunganisha mawili hayo alitoa istilahi ya fizikia ambayo mwanafunzi anaweza kuikisia maana kabla mwalimu hajaieleza. Pacha wake wa upande wa pili hakubahatika. Alitoholewa tu akabaki infraredi. Matokeo yake ni kwamba mionzi yenye jina linaloeleweka ndiyo watu huiulizia dukani, na ile inayobeba joto jingi haitajwi.

Urujuanimno nao una haki ya kuulizwa. Ndio, ukisaidiwa na mwanga wenyewe, unaopausha vitenge vilivyotundikwa nyuma ya kioo cha duka. Kioo cha kawaida huzuia sehemu yake iliyo kali zaidi, lakini huruhusu kiasi kikubwa cha ile iliyo karibu na mwanga wa kuonekana. Kwa mfanyakazi mwenye ualbino, anayejipaka mafuta ya kujikinga na jua kabla ya kutoka nyumbani, kuketi dirishani ni kuendelea kupigwa na jua akiwa ndani ya nyumba, na kiwi kwake huwa kizito kuliko kwa wenzake. Plastiki bora za kubandika huzuia karibu urujuanimno wote, hata zikiwa hazina rangi kabisa. Mwajiri asingojee kuombwa.

TINTI

Tumefika kwenye jina la mtaani. Ukipita Mtaa wa Rwagasore au Barabara ya Nyerere ukauliza plastiki ya kubandika kwenye kioo, utaelekezwa kwa fundi wa tinti. Wengine husema tintedi. Mtu huweka tinti, hutia tinti, huvua tinti. Neno limetoka kwa Waingereza, likapitia kwenye magari, na lilipofika kwenye majengo lilikuja na tabia ya garini: kumficha aliye ndani.

Asili yake ni rangi, na hapo ndipo shida inapoanza. Mteja anayeomba tinti anaomba giza, na fundi mwaminifu humpa giza. Plastiki nyeusi ya bei nafuu kazi yake kubwa ni kufyonza. Hufyonza mwanga, ikapata moto, na sehemu ya moto huo ikarudi chumbani. Kiwi kimepungua kweli, joto limepungua kidogo, na chumba kimekuwa pango. Saa nane mchana, ziwa zima linawaka nje, ndani wamewasha taa. Wamelizuia jua la bure ili wanunue mwanga wa TANESCO.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Plastiki ya kwanza iliyopata sifa, ile ambayo kampuni ya 3M ya Marekani ilipewa hataza yake mwaka 1966, ilikuwa poliesta iliyopakwa mvuke wa alumini, tabaka jembamba kiasi kwamba unaona upande wa pili. Kazi yake ilikuwa kuakisi jua lirudi nje. Giza halikuwa lengo. Baadaye zikaja za kutiwa rangi, zikaja za metali mchanganyiko, zikaja za kauri. Leo zipo plastiki zinazopitisha mwanga mwingi zikazuia sehemu kubwa ya infraredi, na ukiitazama iliyobandikwa vizuri hutajua kama ipo. Mteja wa Mwanza akionyeshwa hiyo huguna: "Mbona hii haina tinti?" Amesema kweli. Haina tinti, na ndiyo aliyoihitaji.

Ile ya bei nafuu hujisema yenyewe baada ya miaka michache. Rangi yake huvunjwa na urujuanimno, ikafubaa na kugeuka zambarau, kisha ikaanza kufanya mapovu na kubanduka pembeni. Kila mji wa Tanzania una jengo lenye madirisha ya zambarau ambayo mchoraji wake hakuyakusudia.

NAMBA

Fundi atakuuliza: unataka 5, 20, 35 au 50? Wateja wengi hudhani namba hizo zinapima giza, kwamba 50 ni nzito kuliko 20. Ni kinyume. Namba hiyo ni asilimia ya mwanga unaopita. Tano ni usiku. Hamsini ni kivuli cha mti wenye majani machache. Tungeiita namba ya upitishaji, kosa lingekwisha.

Na Kiswahili kinavyo vitenzi vyote vinavyotakiwa. Mwale ukikutana na kioo una njia tatu: kupita, kuakisiwa au kufyonzwa. Jumla ya hizo tatu ni 100, haipungui wala haizidi. Namba ya fundi inakueleza moja tu, tena kwa mwanga unaoonekana peke yake. Haikuelezi joto hata kidogo. Plastiki mbili zenye namba 35 zinaweza kuonekana sawa kwa macho, moja ikakataa joto la jua zaidi ya nusu na nyingine ikalifyonza na kulipumulia chumbani. Kwa hiyo kuna namba ya pili ya kuulizia, nayo watengenezaji wakubwa huiandika kwenye karatasi ya bidhaa: jumla ya nishati ya jua inayokataliwa. Namba ya kwanza hukwambia kuhusu kiwi. Ya pili hukwambia kuhusu joto.

Kufyonza kuna hatari nyingine. Kioo kilichobandikwa plastiki inayofyonza sana hupata moto katikati huku kingo zake zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki baridi. Kioo kinene, kioo chenye waya ndani au kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani kinaweza kupasuka kwa tofauti hiyo. Fundi anayejua kazi huuliza aina ya kioo kabla ya kutaja bei.

Kuakisi nako kuna vituko vyake. Kiswahili kimeita kwa neno moja, kioo, kile cha kuonea nje na kile cha kujitazamia, na plastiki inayoakisi imevirudisha vyote viwili mahali pamoja. Mchana mpita njia husimama mbele ya dirisha la ofisi akanyoosha kola bila kujua kwamba kikao kizima kinamtazama. Usiku mambo hugeuka: taa zikiwashwa ndani, wa ndani ndio hujiona, na wa nje huona kila kitu. Upande wenye mwanga zaidi ndio unaopata kioo cha kujitazamia. Anayenunua plastiki hii kwa ajili ya faragha ajue kwamba faragha yake huisha jua likizama.

UTANDO

Basi tuiiteje? Wafasiri wengine huandika filamu, na kwa Kiingereza neno ni hilohilo. Lakini kwetu filamu imekwisha kupewa kazi. Tuna Bodi ya Filamu, tuna waigizaji wa filamu, na tangazo la "filamu za madirisha" litamfanya msomaji aulize mhusika mkuu ni nani. Karatasi, kama wasemavyo wengine, si karatasi. Stika ni ya urembo na matangazo.

Lipo neno utando. Mzizi wake ni tanda, kitenzi cha kitu kinachoenea juu ya kingine: mawingu yametanda, buibui ametanda. Ukoo wake ni mkubwa: kitanda, mtandao, na mtandio, ile nguo nyepesi ambayo mwanamke hujitanda kichwani na mabegani, inayofunika bila kuziba. Kwa maana, mtandio ungefaa kuliko yote, maana plastiki hii hufanya kazi ileile kwa dirisha. Lakini fundi atakayepiga simu kwa mkurugenzi kumwambia ameleta mitandio ya ofisi nzima atapata tabu ya kujieleza. Utando unatosha: kitu chembamba kilichoenea juu ya kingine, kinachoonyesha upande wa pili.

Utando wa nini? Mwenye kupenda maneno ya kuunganisha atapendekeza kingajua. Linavutia, tena lina ndugu aliyefaulu, kingamwili. Lakini kukinga kuna sura mbili. Mtu hujikinga na mvua, na mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo. Pwani hadi bara, anayekinga maji anayataka. Kingajua linaweza kusikika kama chombo cha kukusanyia jua, na jina hilo tungeliacha akiba kwa paneli za umeme.

Njia nyepesi ipo tayari midomoni mwa watu. Tunasema miwani ya jua, na hakuna aliyewahi kudhani ni miwani iliyotengenezwa kwa jua. Kiunganishi -a kimefanya kazi yote. Kwa kanuni hiyo ni utando wa jua. Wanaofuatilia istilahi wanakumbuka rununu: neno lililoundwa kwa ustadi, likaingia kwenye kamusi, na bado Watanzania wakaendelea kusema simu ya mkononi, kisha wakaongeza simu janja bila kumwomba mtu ruhusa. Kiyoyozi nacho kilishinda katika maandishi, lakini mtaani kinagombana na eisii hadi leo. Maneno mawili ya kawaida yaliyounganishwa vizuri mara nyingi hulizidi nguvu neno moja jipya.

Utando wa jua una faida nyingine: unaacha nafasi ya kutaja kazi. Utando wa kuakisi, utando wa kufyonza, utando usio na rangi unaozuia infraredi, utando wa usalama unaoshikilia vipande kioo kikivunjika. Tinti nayo isifukuzwe. Ni neno fupi, limezoeleka, na lina kitu cha kweli cha kutaja: utando uliotiwa rangi. Ibaki kuwa jina la aina moja, iache kuwa jina la jamii nzima.

Jina zuri halitasafisha mchoro mbaya. Maduka ya zamani ya Wahindi katikati ya mji yana baraza lenye paa kando ya barabara, na kivuli chake hulipata jua kabla halijafika kioo. Nyumba ya msonge ya Wasukuma, kama zile zinazoonyeshwa katika makumbusho ya Bujora, huteremsha paa la nyasi hadi karibu na kifua cha mtu. Waliojenga hivyo waliliwahi jua nje. Utando hulikuta jua likiwa limekwisha kufika kwenye kioo, kwa hiyo ni dawa ya jengo lililokwisha kujengwa. Anayechora jengo jipya kando ya ziwa aanze na upenu, baraza na upande dirisha linakotazama, na hasa ukuta wa magharibi.

Kwa mwenye jengo lililokwisha simama, ushauri ni huu. Usimwambie fundi unataka tinti. Mwambie una kiwi, au una joto, au unataka faragha, kwa sababu ni matatizo matatu na dawa zake hazifanani. Muulize utando wake unapitisha mwanga asilimia ngapi na unakataa joto la jua asilimia ngapi, na akijibu moja tu, mwulize tena. Kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ombi ni dogo: kiwi cha macho, utando wa jua na upitishaji viingizwe kwenye orodha za istilahi za ujenzi, na orodha hizo zifike vyuo vya ufundi stadi. Mafundi ndio watakaoyatia maneno haya sokoni, na wasipopewa mapema wataendelea kuuza giza kwa watu waliokuja kununua ubaridi.